Minamata: Mji uliokataa kuficha donda lake

Kuna miji ambayo jina lake likitajwa, watu hukumbuka ugonjwa kabla ya kuukumbuka mji wenyewe. Minamata, mji mdogo wa viwanda katika kisiwa cha Kyushu kusini-magharibi mwa Japani, ni mmoja wa miji hiyo. Wanafunzi wa kemia hulikuta jina hilo vitabuni, madaktari hulitumia kama jina la maradhi, na wajumbe wanaokutana Gigiri, hapa Nairobi, hulitaja kila wanapozungumzia zebaki. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua kwamba Minamata ni mji wa watu wanaoishi, wanaovua dagaa na kulima vitunguu vitamu ambavyo huliwa vibichi kama kachumbari?

Nilifika huko nilipokuwa Kyushu kwa mafunzo ya muda mfupi kuhusu utunzaji wa taka za mijini. Wenzangu walichagua kutumia siku zetu mbili za mapumziko kuzuru makasri na mahekalu. Mimi niliitaka Minamata, na sababu yangu ilikuwa ya kinyumbani. Nimelelewa Thika, katika nyumba za wafanyakazi, baba yangu akiwa mwendeshaji mitambo na mama akiuza chapati na chai langoni. Saa zetu zilikuwa king'ora cha kiwanda. Karo yetu ilitoka kiwandani, na hata viatu vya Krismasi vilitoka huko huko. Kwa hivyo, niliposoma mara ya kwanza kwamba wakazi wengi wa Minamata waliwahi kukitetea kiwanda kilichokuwa kikiwaua majirani wao, sikushangaa kama walivyoshangaa wenzangu darasani. Nilitaka kwenda kuona kwa macho yangu.

Jambo la kwanza linalomgusa mgeni ni jinsi mji ulivyopangwa. Ukitoka katika stesheni ya zamani ya gari la moshi, unakabiliana ana kwa ana na lango la kiwanda. Wala si sadfa. Kwa miaka mingi, kiwanda hicho ndicho kilichokuwa moyo wa Minamata, na mji ulikuwa mwili tu.

NEEMA

Mgala muue na haki mpe. Kabla ya kiwanda, Minamata ilikuwa mahali pa wavuvi, wakulima na watengenezaji chumvi. Mnamo 1906, mhandisi mmoja aitwaye Noguchi Shitagau alianzisha kampuni ya umeme wa maji katika eneo la Sogi, si mbali na hapo. Mnamo 1908 akajenga kiwanda cha kabaidi Minamata ili umeme wake upate kazi. Kampuni hiyo ikaja kuitwa Chisso, neno la Kijapani lenye maana ya naitrojeni, kwa vile ilitengeneza mbolea. Wenyeji waliipokea kwa mikono miwili. Kiwanda kilileta ajira, barabara, maduka na hospitali. Kijiji kikakua na kutangazwa mji mnamo 1949, na kufikia 1956 kilikuwa na zaidi ya watu 50,000.

Mnamo 1932 kiwanda kilianza kutengeneza asetaldehidi, kemikali inayohitajika katika utengenezaji wa vitu vingi, vikiwemo vya plastiki. Ili kazi hiyo iende haraka, zebaki ilitumiwa kama kichocheo. Katika mitambo hiyo, sehemu ya zebaki iligeuka kuwa aina nyingine iliyo hatari zaidi, yaani methili-zebaki, na ikatoka pamoja na majitaka hadi katika ghuba. Mhandisi aliyebuni mbinu hiyo ya kutengeneza asetaldehidi, Hashimoto Hikoshichi, baadaye alichaguliwa kuwa meya wa mji kwa vipindi kadhaa. Hapo, msomaji, unaona jinsi kiwanda na mji vilivyokuwa kitu kimoja. Nani angethubutu kusema neno?

Wavuvi walijaribu. Mapema kama 1926, kampuni iliwalipa pesa kidogo kwa sababu ya samaki waliokuwa wakipungua, kwa sharti kwamba wasilalamike tena. Mnamo 1943 wakalipwa tena. Majitaka hayakukoma.

PAKA

Katika miaka ya 1950, watu wa vijiji vya pwani walianza kuona mambo ya ajabu. Samaki walielea wakiwa hoi, hata watoto waliweza kuwaokota kwa mikono. Ndege wa baharini walianguka kutoka angani. Paka, ambao chakula chao ni mabaki ya samaki, walizunguka kama wanaocheza ngoma, wakajitosa baharini wakafa. Watu wakauita ugonjwa wa paka wanaocheza. Kisha zamu ya binadamu ikafika.

Aprili 1956, msichana wa miaka mitano alipelekwa katika hospitali ya kiwanda akiwa hawezi kutembea wala kuzungumza sawasawa. Siku chache baadaye mdogo wake akashikwa vivyo hivyo, kisha majirani. Mnamo Mei 1, 1956, Dkt Hosokawa Hajime, mkuu wa hospitali hiyo, aliripoti kwa ofisi ya afya ya mji kwamba umezuka ugonjwa wa mishipa ya fahamu ambao chanzo chake hakijulikani. Siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ugonjwa wa Minamata ulipotambuliwa rasmi.

Dalili zake zilikuwa za kutisha. Mikono na miguu hufa ganzi. Mgonjwa hushindwa kufunga kifungo cha shati. Hupepesuka kama mlevi. Ulimi huwa mzito. Masikio hayasikii vyema. Uwezo wa macho hupungua kandokando mpaka mtu akawa kama anayechungulia kupitia mwanzi. Waliozidiwa walitetemeka, wakapoteza fahamu na kufa.

Kwanza ilidhaniwa kwamba ugonjwa huo unaambukiza. Maafisa walinyunyizia dawa nyumba za wagonjwa, na majirani wakajitenga nao. Kulikuwa na wenye maduka ambao hawakutaka kupokea pesa kutoka mkono wa mgonjwa, wakazichukua kwa vijiti vya kulia chakula. Familia za wavuvi, ambazo tayari zilikuwa maskini, zikaongezewa upweke juu ya ufukara. Na kwa kuwa samaki ndio waliokuwa chakula chao cha asubuhi, mchana na jioni, waliendelea kula sumu ile ile.

Mnamo Julai 1959, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitangaza kwamba chanzo ni zebaki. Dkt Hosokawa naye alikuwa akifanya uchunguzi wake kimyakimya: alimlisha paka chakula kilichochanganywa na majitaka ya kiwanda. Oktoba mwaka huo, paka huyo, ambaye katika rekodi alipewa nambari 400, alianza kutetemeka na kuzunguka. Kampuni haikuyatangaza matokeo hayo. Ulimwengu uliyasikia ushahidi huo kutoka kinywani mwa daktari huyo mnamo 1970, alipotoa ushahidi wa kesi akiwa kitandani, mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufa.

Disemba 1959, kampuni ilizindua mtambo wa kusafisha majitaka, na mkuu wake akanywa gilasi ya maji hadharani ili kuuhakikishia umma usalama. Baadaye ilibainika kwamba mtambo huo haukuundwa kuondoa zebaki. Mwezi uo huo, familia za wagonjwa zilitia sahihi mkataba wa "pesa za pole": yeni 300,000 kwa kila marehemu na kiasi kidogo kila mwaka kwa aliye hai. Ndani yake mlikuwa na kifungu kwamba hata ikija kuthibitishwa kuwa kiwanda ndicho chenye kosa, wasidai tena. Mtu mwenye njaa na mgonjwa nyumbani angefanya nini? Walitia sahihi.

KITOVU

Sehemu ya kisa hiki iliyonifanya nisimame muda mrefu katika jumba la makumbusho la mji ni ile inayohusu watoto.

Wakati huo, wataalamu wengi waliamini kwamba kondo la nyuma humlinda mtoto tumboni dhidi ya sumu. Minamata ilikuwa na watoto waliozaliwa wakiwa na viungo vilivyopinda, wasioweza kushika shingo wala kutamka neno, na madaktari walisema ni kupooza kwa kawaida kwa ubongo. Akina mama walikataa. Walijua walichokula walipokuwa waja wazito. Mnamo 1962, watoto 16 walitambuliwa rasmi kuwa waliathiriwa na zebaki wakiwa tumboni.

Dkt Harada Masazumi, aliyewatembelea watoto hao nyumbani kwao, alipata njia ya kuthibitisha walichosema akina mama. Katika mila za Wajapani, kipande cha kitovu cha mtoto kinapokauka na kudondoka, mama hukiweka katika kijisanduku na kukihifadhi miaka yote. Vitovu hivyo vilipopimwa, vilikuwa na zebaki. Sisi huku tuna jamii zinazokizika kitovu cha mtoto ardhini na kusema kwamba hapo ndipo nyumbani kwake. Wao walikiweka sandukuni, na sanduku likaja kusema ukweli ambao wakubwa waliukana.

Inasimuliwa kuhusu familia moja iliyomwita binti yao "mtoto wa hazina". Mama aliamini kwamba binti huyo, akiwa tumboni, alikuwa ameinyonya sumu yote, ndiyo sababu yeye mwenyewe na wadogo zake binti huyo walikuwa wazima. Nimejaribu kufikiria mzazi anavyoweza kubeba mawazo hayo anapomwogesha mwanawe kila jioni, na nimeshindwa.

AIBU

Majitaka ya asetaldehidi yalikoma Mei 1968, wakati ambapo mbinu hiyo ya utengenezaji ilikuwa imepitwa na wakati. Septemba mwaka huo, serikali ya Japani ilikiri kwamba kiwanda ndicho kilichosababisha ugonjwa. Hesabu mwenyewe: miaka 12 tangu ripoti ya Dkt Hosokawa. Katika miaka hiyo, ugonjwa uo huo ulikuwa umezuka hata Niigata, kaskazini, mnamo 1965, kutokana na kiwanda cha kampuni nyingine.

Agosti 1968, wafanyakazi wa chama kimojawapo cha kiwanda cha Minamata walitoa tamko la aibu. Walisema walikuwa wamepigania mishahara yao bila kuwapigania majirani waliokuwa wakiangamia. Mimi, mtoto wa mwendeshaji mitambo, tamko hilo liliniingia sana. Namjua mtu anayerudi nyumbani jioni mikono ikiwa na mafuta, akiwa na vinywa sita vya kulisha. Siku kiwanda kilipofungwa kwa sababu ya mgomo, maduka ya mtaani petu hayakuuza hata sukari. Kumwambia mtu wa aina hiyo akiseme kiwanda chake ni kama kumwambia abomoe ukuta wa nyumba anamolala. Wafanyakazi wale walisema hata hivyo, ingawa walichelewa.

Mnamo Machi 20, 1973, mahakama ya Kumamoto iliamua kwamba kampuni ilikuwa na hatia ya uzembe, na ule mkataba wa pesa za pole ukatupiliwa mbali kwa kuwa ulikiuka maadili. Mnamo 2004, Mahakama ya Juu ya Japani iliamua kwamba serikali yenyewe pia ilibeba lawama kwa kutozuia madhara yasienee. Walioidhinishwa rasmi kuwa wagonjwa katika eneo la Minamata ni zaidi ya 2,200, na wengi wao wamekwisha kufa. Wengine makumi ya maelfu walipewa msaada bila kuidhinishwa, na kuna ambao wangali mahakamani.

Wala usidhani kwamba mambo yalitulia kabisa. Mei 1, 2024, katika mkutano na Waziri wa Mazingira siku ya ukumbusho, maafisa walizima vipaza sauti vya wahasiriwa waliokuwa wakizungumza kupita dakika tatu walizopewa. Waziri ilimbidi arudi Minamata siku chache baadaye kuomba radhi.

KUFUNGA MASHUA UPYA

Kwa muda mrefu, Minamata ilikuwa mji uliogawanyika. Kulikuwa na waliotaka jina la ugonjwa libadilishwe. Vijana walioondoka kwenda kutafuta kazi au wachumba mbali walificha walikotoka. Wengine waliwaona wagonjwa kama watu waliouaibisha mji na kuhatarisha kazi za wenzao. Familia moja ilikaa upande huu, jirani upande ule, na salamu zikakatika.

Mabadiliko yalianza taratibu katika miaka ya 1990. Mnamo Mei 1, 1994, Meya Yoshii Masazumi alisimama katika ibada ya ukumbusho na kuwaomba radhi wagonjwa kwa jinsi mji ulivyowatenda. Alitumia neno la wavuvi, "moyai", yaani kufunga mashua moja na nyingine kwa kamba zisipeperuke. Alitaka mashua zifungwe upya. Neno hilo likawa wito wa mji mzima.

Nilitembea juu ya ardhi ambayo zamani ilikuwa bahari. Kati ya 1977 na 1990, tope lenye zebaki lilichimbuliwa kutoka sakafu ya ghuba, likafunikwa, na juu yake pakatokea eneo la hekta 58. Chini yake pia kuna mapipa ya samaki waliovuliwa na kuharibiwa ili wasiliwe. Leo ni bustani. Watoto hucheza mpira huko, na ukingoni mwa maji zimepangwa sanamu ndogo za mawe, nyingine zikiwa zimechongwa na wagonjwa na jamaa zao, zikitazama bahari. Wavu mkubwa uliowazuia samaki wa ghuba wasitoke uliondolewa mnamo 1997, baada ya vipimo kuonyesha kwamba samaki wako salama. Bahari ile imetulia hivi kwamba mgeni asiyejua habari angedhani hakuna baya lililowahi kutokea.

Lakini Minamata imehakikisha kwamba mgeni atajua. Jumba la makumbusho lilifunguliwa mnamo 1993, na humo wahasiriwa wenyewe huwasimulia wanafunzi yaliyowapata. Mwaka uo huo mji ulianza kutenganisha taka zake, kwa mafungu ambayo leo ni zaidi ya 20: chupa za rangi hii mbali na za rangi ile, karatasi mbali, vyuma mbali. Kwangu mimi, niliyekwenda Japani kusomea taka, hilo lilikuwa darasa tosha. Wakazi hukusanyika katika vituo vya mitaani na kufanya kazi hiyo pamoja, nao watu ambao wazazi wao hawakusalimiana huulizana kifuniko hiki kiende kapu lipi. Baadhi ya familia za wagonjwa ziliacha bahari zikapanda machungwa, zikijizuia kutumia dawa kali. Walisema kwamba aliyelishwa sumu hawezi kumlisha mwenzake sumu.

Kiwanda nacho kingali pale mbele ya stesheni, kikiendeshwa tangu 2011 na kampuni tanzu. Hilo huwashangaza wageni. Hata hivyo, fidia ilipaswa kulipwa, na ilibidi kuwe na mtu wa kuilipa. Idadi ya watu imepungua hata hawafiki 25,000, na kama ilivyo katika miji mingi midogo ya Japani, wazee ni wengi kuliko vijana.

KWETU

Huenda mtu akauliza haya yote yanamhusu nini mkazi wa Buruburu au mwanafunzi wa Kisumu. Yanamhusu. Ilikuwa Nairobi, Februari 2009, ambapo baraza la shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira liliamua kwamba mazungumzo ya kutafuta mkataba wa dunia kuhusu zebaki yaanze. Mkataba huo ulipitishwa katika mkoa wa Kumamoto Oktoba 2013, ukapewa jina la Minamata, na kuanza kutekelezwa 2017. Unapiga vita zebaki katika vipodozi, vipimajoto, aina nyingi za betri na katika uchimbaji wa dhahabu. Wachimbaji wadogo wa Migori wanaokamata chembe za dhahabu kwa zebaki, kisha wakaichoma motoni karibu na watoto, ndio hasa waliofikiriwa.

Tena si migodini tu. Mnamo 1972, madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la kitabibu la Uingereza kuhusu watu wazima wenye maradhi ya figo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Aina hiyo ya zebaki si ile ya samaki wa Minamata, lakini ni sumu vilevile. Mama au dada anayenunua krimu isiyo na maandishi ya vilivyomo, kwa kuwa muuzaji amemwambia ni ya nje, anajipaka asichokijua.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wajapani wana urithi mwingi wa kujivunia: makasri, hariri, panga na vyombo vya udongo. Minamata imeweka mbele urithi wa aina nyingine, nao ni kumbukumbu ya kosa lake. Ingekuwa rahisi kubadilisha jina la ugonjwa, kupanda nyasi juu ya tope na kusubiri wazee wafe na kisa chao. Badala yake, mji huo umewapeleka watoto wake wa shule wakawasikilize wazee hao.

Kila mji wenye king'ora na bomba la moshi, uwe Thika, Athi River au Mombasa, una jambo la kujiuliza. Maji yatokayo nyuma ya kiwanda yanakwenda wapi? Nani anakula kinachomea huko? Na yule wa kwanza kulalamika, ambaye kwa kawaida ni maskini na hana barua ya ofisi yoyote mkononi, tunamsikiliza au tunamwona kama anayetaka kutunyima mkate? Watu wa Minamata walilipa ghali ili sisi tusingoje miaka 12 kulijibu swali hilo.